Picha Isiyo na Watu

Watu wa Giakanja hawaamini picha, na usiwalaumu. Mlaumu Mathenge.

Mathenge huyu alichaguliwa na chama cha ushirika wa maziwa aende Denmaki akajifunze ufugaji. Alichinjiwa mbuzi, akaombewa mpaka mchungaji akakauka koo, akasindikizwa hadi barabarani kwa vigelegele. Baada ya miezi miwili akarudi, mashavu yamejaa, na picha mkononi: yeye na suti yake kando ya ziwa, nyuma yake bata weupe wenye shingo ndefu. Picha ile ilizunguka kituo cha maziwa wiki nzima, watu wakiishika kwa ncha za vidole wasije wakaichafua. Kisha Kabura, msichana wa jirani, akaenda mjini Nyeri kupigwa picha ya uchumba katika studio ya Theuri. Kugeuka nyuma, lo! Ziwa lile lile. Bata wale wale. Hata kiraka kilichoshonwa kwenye shingo ya bata mmoja kilikuwa pale pale kwenye pazia la studio. Ikajulikana kwamba ndege ilimwacha Mathenge, akaona haya kurudi nyumbani, akajificha kwa shemeji yake, mjini Kenol, muda wote huo akila nyama ya kuchoma.

Sasa wewe unadhani walimfukuza kwenye kamati. Wapi! Alikaa kimya msimu mmoja wa mvua, halafu akarudi na sauti kubwa kuliko ya kwanza, na kazi yake ikawa kushuku safari za wengine.

Mwaka wa sabini na tisa Wajapani wakaalika wafugaji kutoka huku kwetu Mlima Kenya, na safari hii akina mama wakakataa kunyamaza. Walimwuliza mwenyekiti mbele ya watu, "Nani anajua chuchu za ng'ombe, sisi ama nyinyi?" Mwenyekiti akaanza kutafuta kalamu yake, kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Wakamteua Wangechi, mjane wa marehemu Kahiga, mama wa Mutahi, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakinenepa hata wakati wa kiangazi. Ndipo Mathenge akasimama.

"Aende," alisema. "Lakini akituletea picha ya pazia, mambo ya kutuma wanawake yaishe siku hiyo."

Wanaume walipiga makofi. Mwenyekiti akasema imepita. Kabura, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wawili na ndiye aliyekuwa amepangiwa zamu ya pili ya kusafiri, akamshika Wangechi mkono na kuufinya mpaka ukauma.

Kwa hiyo Wangechi alipopanda ndege hakuwaza ng'ombe wa Japani. Aliwaza picha.

Walikuwa watatu. Yeye, na Kingori, kijana wa Karatina aliyekuwa na kamera na usingizi mzito ajabu, na Bile, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, mtu mrefu, mpole, mwenye adabu inayoweza kukuchelewesha safari. Walifundishwa majani, wakafundishwa kwato, wakafundishwa kuandika kila ng'ombe alichokula. Wiki ya mwisho mwenyeji wao, Bwana Morita, akawapeleka mji wa Kyoto, alasiri moja, kuona mahali penye malango mekundu. Si lango moja wala mawili. Ni malango yaliyopangwa mgongo kwa mgongo kupanda mlima, mekundu yote, mpaka unashindwa kujua yanaishia wapi.

Ndivyo walivyoambiwa. Wao waliona visogo. Wajapani walikuwa wengi pale kuliko watu wa soko la Karatina siku ya Krismasi ikikaribia. Kingori alijaribu kupiga picha, akapata kofia ya bwana mmoja. Akajaribu tena, akapata mwavuli.

"Wacha!" Wangechi akamkemea. "Usimalize filamu na miavuli ya watu. Tutarudi."

Lazima nikueleze ugonjwa wa Wangechi, usije ukamwona ana wazimu. Huko Nyeri picha ni ya mwenyewe. Ukienda kwa Theuri unasimama wima, miguu pamoja, mkono mmoja juu ya kigoda chenye maua ya plastiki, na Theuri anafukuza hata nzi. Mtu baki akiingia kwenye picha yako, hiyo imeharibika. Tena Wangechi alikuwa ameshaungua. Mwaka mmoja kabla, kwenye maonyesho ya kilimo, alipigwa picha na ng'ombe wake aliyeshinda, na nyuma akapita mwanamume fulani wa kofia, na kwa bahati mbaya mkono wake ukaonekana kama umetua begani pake. Hakumjua mtu huyo. Hajamjua hadi leo. Lakini Giakanja ilimjua vizuri, ikampa jina, ikampa shamba kule Mweiga, ikapanga hata siku ya posa. Mama mkwe wake, mzee Warigia, hakumsemesha mpaka mahindi yakavunwa.

Sasa ungekuwa wewe, ungetaka picha yenye Wajapani mia mbili?

Jioni hiyo, sebuleni mwa hosteli, wakapanga. Siku ya mapumziko ilikuwa imebaki moja.

"Tunaenda alfajiri," Wangechi alisema. "Kabla ya mtu yeyote."

"Mama Mutahi, hata hawa huamka mapema," Kingori akasema kinyonge. Alikuwa ameshaona kitanda chake kikimponyoka.

"Waamke. Wakiamka si wanakamua kwanza? Tutafika wakiwa kwa ng'ombe."

"Hawa wa mjini hawana ng'ombe."

"Kama hawana ng'ombe, wanaamkia nini? Watakuwa wamelala."

Kingori akamwangalia Bile amsaidie. Bile alifikiri kwa heshima, kisha akasema kwamba yeye kwa vyovyote huamka kuswali, na kwake si taabu kumgongea mtu mlango. Ikawa wamekwisha piga kura, wawili kwa mmoja. Bwana Morita, aliposikia wanataka kutoka peke yao, alivuta hewa kwa meno mpaka ikapiga mluzi, akawachorea njia kwenye karatasi, akamwandikia mkuu wa stesheni salamu, akawaonyesha treni ya kwanza kabisa, na akawauliza mara kadhaa kama wana hakika. Wangechi akasema ana hakika. Akaenda jikoni akachemsha viazi na kujaza chupa ya chai, kwa sababu kwao mtu hatoki gizani na tumbo tupu.

Kumwamsha Kingori ilikuwa kazi. Bile aligonga kwa adabu, akangoja, akagonga tena kwa adabu. Wangechi akamsogeza kando, akaingia, akamvua kijana blanketi kama anavyomvua Mutahi.

"Uui! Mama!"

"Mama yako yuko Karatina. Inuka, chukua kamera."

Wakafika kukiwa na ukungu, ukungu mwembamba wa asubuhi kama ule unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua na kulala juu ya majani chai ya Tetu. Wangechi alisimama chini ya lango la kwanza, akainua macho. Malango yalikuwa mekundu, tulivu, yakipanda mlima bila mtu. Kando yake mbwa wa mawe wenye mikia minene walikuwa wamekaa wakitazama mbele. Bile alisema si mbwa, ni mbweha. Wangechi alitamani Kahiga angekuwepo. Alilitamani jambo hilo ghafla, kwa nguvu, mpaka ikabidi ajifanye anafunga kitambaa cha kichwa.

"Hakuna mtu," akasema. "Mliona? Hakuna mtu!"

Alikuwepo mmoja. Mzee mwenye ufagio alikuwa akifagia majani katikati ya malango, polepole, na kila alipokaribia kutoka aliona jani jingine.

"Atatuharibia," Wangechi akanong'ona. "Kwa Giakanja huyo ni bwana yangu tayari. Bile, mtoe."

"Nitamtoaje mzee wa watu kwenye kazi yake?"

"Msalimie!"

Bile akaenda, akamwinamia mzee kama walivyofundishwa. Mzee akaweka ufagio, akainama chini zaidi. Bile hakuweza kushindwa adabu na mtu, akainama chini kuliko mzee. Mzee akaona haya, akainama tena. Walianza kusogea kando wakiinamiana, hatua kwa hatua, hadi wakaingia nyuma ya ukuta, na huko waliendelea, kwa maana vichwa vyao vilikuwa vikitokeza na kuzama.

"Haraka!" Wangechi akasema. "Kabla hawajachoka!"

Akasimama wima, miguu pamoja. Lakini mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia ovyo. Picha gani hiyo ya mkono kuning'inia? Akatafuta, akaona jiwe lililochongwa vizuri, akaweka juu yake chupa ya chai, nayo ilikuwa na maua mekundu ubavuni, kisha akaegesha vidole kando ya chupa. Akakaza uso.

"Cheka kidogo, Mama Mutahi."

"Nicheke nini? Piga."

Kingori akapiga. Akapiga tena kutoka upande mwingine, na tena lango la juu, na kila mara chupa ilihamishwa na Wangechi akakaza uso upya. Kila mara nyuma yake palikuwa pasafi, hakuna mtu, hakuna kofia, hakuna mkono. Alishuka mlima moyo umetulia, akijiona ameshafika Giakanja na Mathenge ameinamisha kichwa.

Huko chini wakakutana na watoto wa shule.

Walikuwa wengi, wadogo, wote wamevaa kofia za manjano, wakaja kama vifaranga walioona mtama. Kwanza walisimama wakashangaa. Kisha mmoja akagusa kiondo cha Wangechi, akauliza kitu. Mwingine akachungulia ndani. Wangechi ni mama, angefanyaje? Akatoa kiazi, akampa. Mtoto akakinusa, akauma, akafikiri sana, akasema neno moja, na mikono yote ya Japani ikanyooshwa kuelekea kiondo. Alikuwa akigawa viazi huku akisema pangeni foleni, pangeni foleni, kwa Kikuyu, nao wakapanga. Kisichana kimoja kisicho na meno ya mbele kikaona kimekula bure, kikavua kofia yake ya manjano, kikaruka, kikamvika Wangechi kichwani. Kitambaa kikamtelemkia shingoni. Nyuma, Bile alikuwa ameshakutana na mwalimu wao, na wawili hao walikuwa wameanza kuinamiana.

Wangechi akaangua kicheko. Alicheka kwa mdomo wote, akashika mbavu, machozi yakamtoka.

Kamera ikalia.

"Kingori! Umefanya nini?"

"Ilikuwa imebaki moja tu, mama."

"Na wewe ukaimalizia upuzi! Kichwa wazi! Na kofia ya mtoto!" Alimgombeza mpaka ndani ya treni, na Kingori, ambaye alikuwa na ujuzi wa mambo hayo, alimjibu kwa usingizi.

Picha zilioshwa Nairobi, Kingori akazileta mwenyewe hadi Giakanja asubuhi ya mkutano wa chama. Wangechi alizipanga haraka. Zile safi akazitia kwenye bahasha. Ile ya mwisho aliitazama mara moja, akahisi joto usoni, akaisukuma chini kabisa ya kiondo, chini ya leso na ugoro wa mama mkwe. Mjane, kichwa wazi, meno yote nje! Hiyo angeichoma jioni.

Kituo cha maziwa kilifurika. Theuri naye alikuwepo na kamera yake, maana mkutano wa mwaka ulikuwa na picha ya kamati. Wangechi akaeleza majani, akaeleza kwato, watu wakasikiliza vizuri. Kisha akatoa picha.

Zilipita mkono hadi mkono, na watu wakaanza kutazamana. Wangechi alikujua kutazamana kule. Mathenge alizipokea, akazisogeza mbali na macho, akazisogeza karibu.

"Wazee," akasema, "Japani kuna watu wangapi?"

"Wengi sana," Wangechi akajibu.

"Siku hiyo walikuwa wameenda wapi?"

Kicheko cha kwanza kikatoka kwa wanaume wa nyuma.

"Tulienda alfajiri! Tuliamka mapema ndio tusikute watu!"

"Ahaa. Ndege yote ile, kilomita zote zile, halafu unawakimbia wenyewe." Mathenge akainua picha juu. "Tazameni mkono. Si ni ule wa kwa Theuri? Tazameni kigoda na maua. Hata ukungu wamepaka. Mimi haya mambo nayajua."

"Ati unayajua!" Kabura akamrukia. "Si tunajua unavyoyajua!"

"Ndiyo maana nayajua," Mathenge akasema bila haya hata kidogo. "Muulizeni Theuri. Yuko hapa."

Theuri akaletewa picha. Sasa Theuri hakuwa mtu mbaya, jamani, lakini sifa ilikuwa inamwua. Aliangalia yale malango mekundu, namna yalivyopungua kidogo kidogo yakipanda mlima, akaona ni uchoraji ambao hajawahi kuufikia maishani mwake, na watu wote wanamtazama yeye.

"Mm," akasema, akikuna kidevu. "Hii pazia ilinisumbua sana. Hasa nyekundu."

Mkutano ulilipuka. Wangechi alimwuliza Theuri kama anaogopa Mungu kweli, lakini nani angemsikia? Mwenyekiti alikuwa akigonga meza. Mathenge alikuwa akisema mnakumbuka tulivyopitisha. Wangechi akamwona Kabura amekaa chini kwenye mtungi wa maziwa, mikono mapajani. Hapo akasikia uchungu kweli. Angeonewa yeye peke yake, sawa, angerudi kwa ng'ombe wake. Lakini Kabura alikuwa ameshanunua viatu vya safari.

Mzee Warigia, mama mkwe, alikuwa amekaa mbele muda wote na hakuwa anafuata vizuri, masikio yake yalikuwa yamechoka. Makelele yalipomzidi alitaka ugoro. Akavuta kiondo cha Wangechi, akatia mkono hadi chini, akatoa leso, akatoa picha. Akaiangalia. Akaigeuza, akaiangalia tena.

"Wangechi," akasema kwa ile sauti ya viziwi isiyojua kunong'ona, "hawa watoto wote ni wa nani?"

"Mama, lete hiyo. Tafadhali lete!"

Lakini Kabura aliruka kutoka kwenye mtungi akaichukua kwanza. Aliitazama, na uso wake ukafunguka.

"Theuri!" akapiga kelele. "Njoo hapa! Na hawa pia ni pazia? Hawa watoto wa kofia ulinunua duka gani? Kuja uonyeshe watu ile siku ulileta Wajapani kwa studio yako!"

Watu walisukumana kuona. Wakaona kofia za manjano, wakaona macho, wakaona midomo imejaa viazi, viazi vya kwetu kabisa, na kisichana kisicho na meno kimekamata sketi ya Wangechi. Theuri aliangalia, akakumbuka kwamba kuna mtu anamngoja mjini.

Mathenge hakukubali kufa kirahisi. "Na huyu mwanamume nyuma yake ni nani?"

"Huyo?" Warigia akaichukua picha, akaisogeza puani. "Huyo anaangalia viatu vyake. Mwanamume anayekuja kuposa hawezi kuangalia viatu vyake. Keti chini, Mathenge."

Mathenge akaketi. Watu walicheka hadi mitungi ikalia, na mwenyekiti akasema zamu ya Kabura iko palepale, anayepinga ainue mkono. Mikono haikuinuka. Picha iliendelea kuzunguka, na safari hii hakuna aliyeishika kwa ncha za vidole, wakaitia maziwa na matope kila pembe.

Iliporudi, Wangechi alitaka kuificha. Warigia akamzuia mkono.

"Iache. Hiyo itakaa ukutani, karibu na ya Kahiga."

"Mama, nimefungua mdomo hivyo? Kichwa wazi?"

"Sijaona meno yako tangu tumzike mtoto wangu," mzee akasema. "Nilidhani yameng'oka."

Wangechi alitaka kucheka, akalia, akaona afadhali afanye yote mawili, na mama mkwe akamwacha, akavuta ugoro wake taratibu.

Watu walipotawanyika, Mathenge alibaki akizungukazunguka mlangoni kama anayetafuta kofia. Mwishowe akasogea, sauti yake ikiwa ndogo kwa mara ya kwanza tangu enzi za bata.

"Mama Mutahi, ile ndege... ikiondoka chini, mtu husikia nini?"

Wangechi alikuwa na majibu makali mengi ya kumpa, alikuwa ameyaweka akiba. Akamwangalia, akaona yote hayafai. "Tumbo hubaki nyuma kidogo," akamwambia. "Halafu linafuata." Mathenge akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Kabura alikuwa akingoja nje na mtungi wake wa maziwa, amechangamka, ana maswali chungu nzima. Aliambiwa kule watampeleka kuona mlima wao mkubwa wenye theluji, nao hujaa watu kupita kiasi. Aamke saa ngapi ili apate picha nzuri?

Wangechi akampokea mtungi upande mmoja, wakashika njia.

"Wewe lala," akasema. "Amka jua likiwaka, kunywa chai yako, halafu uende watu wakiwa wamejaa. Na ubebe viazi."